Askofu Mjenzi na Vibarua wa Mkunazini

Katika masomo ya lugha ya Kiswahili jina la Edward Steere halikosi kutajwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana nalo mapema, pamoja na majina ya Krapf, Madan na Johnson, na huelezwa kwamba mwaka 1870 mmisionari huyo alitoa vitabu viwili: kimoja cha sarufi na msamiati wa lugha kama ilivyosemwa Unguja, na kingine cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa kisiwa hicho. Baada ya hapo mhadhiri hupita upesi kwenda kwenye ngeli. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha mimi mwenyewe hapa Kisii kwa miaka kadhaa, mpaka mwanafunzi mmoja, msichana kutoka upande wa Nyamira ambaye baba yake ni mwashi, aliponiuliza swali nisilolitazamia. Alikuwa ameona picha ya kanisa kuu la Mkunazini katika kitabu cha historia, na chini ya picha hiyo pameandikwa kwamba kanisa hilo lilijengwa na Steere. Akasema, "Mwalimu, lilijengwa na Steere na nani?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Siku ile nilimjibu vibaya. Nilisema "na mafundi," kisha nikaendelea na somo.

Hebu tumtazame kwanza mjenzi mwenyewe. Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kuwa kasisi. Aliwasili Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, wakati Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa kutokana na wito wa Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, ilipokuwa imeshindwa kukaa katika bonde la mto Shire na kuamua kuhamia kisiwani. Sultani Majid aliwakabidhi wageni hao wavulana watano waliokuwa wametekwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni, na mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba tangu siku za mwanzo kazi ya Steere katika lugha na kazi yake katika misheni zilitegemea watu waliopita katika utumwa. Aliwafunza kusoma, nao wakamfunza Kiswahili, ingawa lugha hiyo kwa wengi wao haikuwa lugha ya mama bali ni lugha waliyoikuta njiani na sokoni.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na balozi wa Waingereza, John Kirk, na vitisho vya manowari, alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Soko kuu la Unguja lilikuwa Mkunazini, mahali palipopata jina kutokana na mti wa mkunazi. Katika miaka ya 1860, kwa makadirio ya wanahistoria, watu wapatao 20,000 kwa mwaka walikuwa wakipitishwa kisiwani. Wengine walibaki katika mashamba ya mikarafuu, wengine wakapelekwa Pemba, pwani ya Kenya na Uarabuni. Misheni ilikipata kiwanja hicho, sehemu moja ikiwa imetolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wa 1873 jiwe la msingi likawekwa. Haikupita hata miezi saba tangu sauti ya mnadi kukoma. Mapokeo ya kanisa husema kwamba madhabahu yalisimamishwa pale ulipokuwa mti wa kufungia watumwa na kuwachapa.

Mwaka 1874 Steere akawa askofu. Ramani alikuwa nayo, lakini msimamizi wa kazi hakuwa naye, na kwa hivyo mwanasheria huyu akageuka kuwa mwashi mkuu. Alisimama juani akipima, akichanganya na kukosoa. Kazi kubwa kupita zote ilikuwa paa, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu bila kuelewa paa hatuwezi kuelewa kazi ya watu walioliinua.

Nyumba ya mawe ya Waswahili, iwe ya Lamu, ya Mombasa au ya Unguja, hutawaliwa na boriti. Boriti hizo ni miti ya mikandaa iliyokatwa katika mikoko ya Rufiji au ya Lamu, na kwa kuwa mti huo hauwi mrefu mno, vyumba vya nyumba hizo huwa virefu kwa urefu lakini vyembamba kwa upana. Mtu akiingia katika nyumba kongwe ya pwani anaweza kukisia urefu wa mkandaa kwa kutazama ukuta hadi ukuta. Steere alitaka jumba pana lisilo na boriti hata moja. Alilifunika kwa kuba refu lenye umbo la pipa lililopasuliwa, lililomiminwa kwa kokoto za matumbawe na saruji. Wenyeji wengi walitabiri kwamba litaanguka, na utabiri huo haukuwa ujinga. Ulikuwa ujuzi wa watu waliokwisha kuona mapaa mengi yakianguka. Halikuanguka. Siku ya Krismasi ya 1879 ibada ilifanywa chini yake, na hata leo limesimama.

Sasa tujiulize kokoto zilitoka wapi. Mawe ya matumbawe huchimbwa ardhini, yakavunjwa kwa nyundo na kubebwa kichwani. Chokaa hupatikana kwa kupanga magogo kwa duara kubwa, kurundika juu yake vipande vya matumbawe, kisha kuchoma siku kucha. Halafu majivu yale meupe humwagiwa maji na kuachwa yakae miezi kadhaa ndipo yafae. Kila pipa la chokaa lina nyuma yake msitu uliokatwa, migongo iliyobeba na macho yaliyochomwa na vumbi. Sakafu na dari ya juu hupigwa kwa vijiti vizito, siku baada ya siku, na kazi hiyo katika mji wa Unguja ilifanywa kwa makundi, wengi wao wanawake, kwa nyimbo na ngoma ili mapigo yaende pamoja. Wasafiri wa Kizungu waliosikia nyimbo hizo walizisifu kwa uchangamfu wake. Sioni ajabu. Aliyelala chumba cha juu husikia wimbo tu. Mkono unaouma hausikiki.

Watu hao walikuwa nani? Jibu la haraka, ambalo ndilo nililompa mwanafunzi wangu, ni kwamba walikuwa mafundi. Jibu la pili, ambalo hupendwa na vitabu vya misheni, ni kwamba walikuwa watu huru, maana misheni ilichukia utumwa. Kila moja lina ukweli wake. Mateka waliokombolewa na manowari za Waingereza walikabidhiwa misheni, wakakaa katika kijiji cha Mbweni, kusini ya mji, wakalima mashamba na kufanya kazi za ujenzi. Lakini tusisahau jambo moja la kisheria ambalo mara nyingi huruka macho ya wasomaji. Mkataba wa 1873 ulifunga soko, haukufuta utumwa. Hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria katika Unguja hadi 1897, katika pwani ya Kenya hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922. Kwa hiyo miaka yote sita ambayo kanisa lilikuwa likipanda, jiwe juu ya jiwe, mji uliolizunguka ulikuwa bado mji wa watumwa, na kazi ya mikono katika mji huo, kuanzia kubeba mizigo forodhani hadi kuchambua karafuu na kuponda kokoto, ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa waliokodishwa na mabwana wao.

Hapo ndipo lugha inapotoa ushahidi ambao ukuta hauwezi kuutoa. Tuchukue neno *kibarua*. Leo kwetu neno hilo halina harufu ya aibu kubwa. Katika mashamba ya chai ya Kebirigo na Nyansiongo mtu husema ameenda kibarua, maana yake ameenda kuchuma kwa ujira. Na hata mwalimu aliyeajiriwa kwa muda hujiita kibarua kwa mzaha. Lakini umbo la neno lenyewe linatuambia habari nyingine. Ni udogo wa *barua*: ni karatasi ndogo. Kamusi sanifu ya 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inaeleza kwamba mfanyakazi wa siku aliitwa hivyo kwa sababu alipewa cheti cha kuhesabia siku zake. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Naye huyo kibarua wa Unguja katika karne ya 19 mara nyingi alikuwa mtumwa: jioni au mwisho wa juma alipokea ujira, kisha akampelekea bwana wake sehemu, aghalabu nusu au zaidi, na kilichobaki ndicho chake cha kula na kuvaa. Mwajiri alimlipa mtu. Bwana alivuna bila kushika nyundo. Mfumo huu uliwafaa sana Wazungu, kwa kuwa uliwawezesha kutumia nguvu za mtumwa bila kummiliki. Kapteni Fraser, Mwingereza aliyekuwa na shamba la miwa Kokotoni katika miaka ya 1860, alifanya mapatano na wenye watumwa, akapata watenda kazi kwa mamia, na hoja yake ilikuwa kwamba yeye alilipa ujira.

Sisemi kwamba Steere alikuwa Fraser. Moyo wa watu hao wawili ulikuwa mbalimbali, na aliyesoma habari za safari ya Steere kwenda Masasi mwaka 1876, akiwa na waliokombolewa waliotaka kurudi bara, hawezi kumfananisha na mfanyabiashara wa sukari. Hata hivyo mjenzi yeyote aliyehitaji wachukuzi, wavunja mawe na wapiga sakafu katika mji ule, katika miaka ile, alikwenda katika soko moja tu la kazi, na soko hilo halikuwa na mlango wa watu huru peke yao. Jambo hili si tuhuma juu ya mtu. Ni maelezo ya uchumi. Soko la watu lilihamia kutoka kiwanjani Mkunazini likaingia ndani ya karatasi ndogo.

Maneno mengine ya ujenzi na utumwa yamekaa karibu vivyo hivyo. *Mtumwa* ni mwenye kutumwa. *Mjinga*, ambalo sasa ni tusi la kawaida la darasani, katika mji wa Unguja lilikuwa pia jina la mtumwa aliyetoka bara karibuni, ambaye hajajua lugha wala desturi. Naye ndiye aliyepewa kazi nzito zisizotaka ufundi. *Mzalia*, aliyezaliwa pwani utumwani, alikuwa na nafasi ya kufunzwa useremala au uashi, na bwana wake akapata faida zaidi. Kwa hiyo hata neno *fundi*, tunalolitamka kwa heshima, halikumaanisha lazima mtu huru. Alikuwapo fundi mtumwa, mwenye kipimo na timazi mkononi, ambaye ujira wake ulikwenda nyumba nyingine.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya pwani yetu tu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nilisoma habari za James Hoban, mjenzi mzaliwa wa Ireland aliyeshinda mashindano ya mwaka 1792 ya kuchora ikulu ya marais wa Marekani. Jina lake lajulikana kwa kila mwanafunzi wa usanifu wa nchi ile. Katika orodha za malipo za miaka ya 1790 yamo pia majina ya maseremala Peter, Ben, Harry na Daniel. Walikuwa watumwa, baadhi yao walikuwa mali ya Hoban mwenyewe, na malipo ya jasho lao yaliingia katika mifuko ya mabwana. Ni kibarua kilekile, ila wao hawakuwa na neno zuri kama letu la kukitaja. Tena katika Chuo Kikuu cha Virginia, ambacho majengo yake yalibuniwa na Thomas Jefferson, kumesimamishwa ukumbusho uliokamilika mwaka 2020 kwa ajili ya watumwa wapatao 4,000 waliokijenga na kukihudumia. Ukutani mwake yamechongwa majina yaliyopatikana, na kwa wasiojulikana majina imechongwa alama tu katika jiwe, mfano wa kovu. Nilikuja kuiona picha yake baada ya kurudi nyumbani, nami nikakumbuka swali la mwanafunzi wangu.

Nilikwenda Unguja. Kanisa la Mkunazini lina kumbukumbu nyingi. Uko msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Wako mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuzuia majahazi ya watumwa. Steere mwenyewe, aliyefariki Agosti 1882, amelala nyuma ya madhabahu. Saa ya mnara ni zawadi ya Sultani Barghash, yule yule aliyelazimishwa kufunga soko, na ambaye mwaka 1883 alimaliza jumba lake la Beit al-Ajaib hatua chache kutoka hapo, kwa mikono ya watu ambao nao hawakuandikwa. Nje ziko sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na mgeni huonyeshwa vyumba vya chini ya ardhi vinavyosemwa kuwa ni maficho ya watumwa, ingawa wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba jengo la juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Nilizunguka ndani ya kanisa nikisoma kila bamba. Sikuona jina la mwashi hata mmoja.

Lakini niliona nguzo. Karibu na mahali pa kubatizia kuna nguzo ambazo kichwa chake kiko chini na kitako chake kiko juu. Watembezaji wa wageni husimulia kwamba askofu alikuwa safarini, na mafundi wasiojua mtindo wa Kizungu wakazisimamisha kichwa chini, aliporudi akaziacha. Wageni hucheka. Mimi nilipolisikia simulizi hilo nililipokea kwa namna nyingine. Fundi wa Unguja alijua vizuri sana kusimamisha kitu. Milango ya Unguja, iliyochongwa kwa mkono, yatosha kuwa ushahidi. Hakuwa ameona nguzo ya namna ile, na hakuna aliyemweleza. Iwe simulizi ni kweli au imetiwa chumvi, hizo nguzo ndizo sahihi ya pekee ambayo mafundi hao wameachiwa katika jengo lote, nayo huelezwa kama kosa.

Vitabuni hali si bora sana. Madan, mwanafunzi na mrithi wa Steere katika kazi ya kamusi, alitoa mwaka 1887 kitabu cha masimulizi ya wavulana wa shule ya Kiungani, walioandika wenyewe habari za kutekwa kwao, kuuzwa na kukombolewa. Waliandika kwa Kiswahili. Kilichotolewa ni tafsiri ya Kiingereza. Kwa mtu wa idara ya lugha hasara hiyo ni nzito: tungekuwa na nathari ya Kiswahili iliyoandikwa na waliokuwa watumwa, kwa maneno yao, miaka mingi kabla ya riwaya zetu za kwanza, na ingefundishwa madarasani kama tunavyofundisha tenzi za Lamu. Tunazo hadithi za paka na za masultani alizozikusanya Steere, na tunashukuru. Lakini sauti ya kijana aliyepanga herufi za chapa kwa mkono wake, huku yeye mwenyewe akiwa aliwahi kupangwa sokoni, imetufikia kwa lugha ya mtu mwingine.

Yaweza kuulizwa haya yanaihusu vipi nchi ya Abagusii, ambayo iko mbali na bahari. Njia za misafara ya watumwa hazikuwa na makao hapa. Hata hivyo karatasi ilitufuata. Serikali ya Kiingereza ilipoweka kituo chake Getembe, mahali panapoitwa mji wa Kisii leo, mwaka 1907, na Otenyo akamchoma mkuki mkuu wa wilaya Northcote Januari 1908, adhabu iliyofuata ilikuwa ya moto na ya ng'ombe. Baada yake ikaja kodi ya kibanda, na sheria ya 1912 iliyowapa machifu uwezo wa kuwaita watu kwa kazi za barabara na majengo. Kisha kikaja *kipande*, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, akaenda nacho Kericho kwenye chai. Nalitaja neno hili makusudi. Katika kamusi za zamani *kipande*, mbali na maana yake ya sehemu ya kitu, ni pia kile kijiti kizito cha kupigia sakafu. Chombo cha wanawake wa Unguja juu ya dari na karatasi ya babu zetu shingoni vina jina moja. Sidai kwamba moja limezaa jingine. Nasema tu kwamba lugha imeviweka katika ghala moja.

Na hapa kwetu usahaulifu ni uleule. Watalii hununua Nairobi vinyago vya mawe ya sabuni, na juu ya kila kimoja pameandikwa Kisii au Kenya. Vimechongwa Tabaka, Mugirango Kusini (jina la mahali lisilohusiana na istilahi ya wanauchumi, ingawa lingefaa), na mchongaji hatajwi. Majengo yetu ya mawe ya miaka ya 1910 na 1920, ya serikali na ya misheni, yana majina ya mapadre na ya maofisa waliosimamia kazi.

Muhula uliofuata nilibadilisha zoezi. Badala ya kuwataka wanafunzi waeleze mchango wa Steere katika sarufi, niliwataka kila mmoja aende nyumbani, achague jengo moja lililosimama kabla wazazi wake hawajazaliwa, aulize nani alilijenga, na aandike majibu kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, bila kuyapamba. Wengi walileta jina la padre au la chifu. Yule msichana wa Nyamira alileta kurasa tatu juu ya kanisa dogo la kijiji chao. Nyanya yake alikumbuka waashi wanne kwa majina yao na ya baba zao, na mahali kila mmoja alipozikwa. Alikumbuka pia wanawake tisa waliopanda na maji kutoka mtoni kwa ajili ya kufinyanga matofali, akiwamo yeye mwenyewe akiwa binti. Wanane aliwataja kwa jina la mtoto wa kwanza, mama wa fulani, mama wa fulani. Wa tisa hakuwa na mtoto, na nyanya alikaa kimya muda mrefu, akasema atalikumbuka. Mwanafunzi aliacha mstari mtupu katika ukurasa. Wiki mbili baadaye alikuja ofisini kwangu akaomba karatasi yake, akaujaza kwa kalamu, akanirudishia.